Njiti ya Kiberiti Inayotazama Juu

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla hajanywa hata funda la chai, mwanamke mwenye aproni ya kijani anachomeka njiti ya kiberiti juu ya bonge la udongo wa mfinyanzi. Kichwa chekundu kinatazama dari.

"Hapo sasa," anasema. "Hata likibingirika, tutajua juu yake ilikuwa wapi."

Wenzake wa maabara humwita Mama Njiti. Kazi yake ni kupima jinsi udongo unavyokataa kubonyea. Kwa waya mwembamba hukata vipande vitatu kutoka kila bonge, kimoja kimesimama, kimoja kimelala, kimoja mshazari, kisha huvitia kwenye mashine ya kubana.

"Watu hudhani udongo ni udongo tu. Huu ulitua tabaka juu ya tabaka, kama daftari. Libane kwenye jalada, halafu libane ubavuni, uone kama ni mamoja."

Aliingia hapa miaka kumi na tisa iliyopita kama mfagizi, akajifunza kwa kutazama, ufagio mkononi. Mwaka wake wa kwanza wa kukata, alichora mshale wa kuonyesha juu kwenye nta iliyofunika bonge lisikauke. Nta ikabanduliwa, mshale ukaenda nayo. Kazi ya wiki mbili ikatupwa.

"Nililia chooni," anasema, akicheka kidogo. Tangu siku hiyo hakosi kiberiti.

Mwezi uliopita kiberiti hicho kilimwokoa. Udongo ulitoka kwenye shimo la msingi linalochimbwa hatua chache kutoka wodi ya wazazi. Vipimo vyake vilionyesha kwamba ukibanwa ubavuni, ugumu wake unakaribia maradufu ya ule wa kubanwa kutoka juu. Mhandisi kijana akatikisa kichwa.

"Mama, umechanganya. Kilicholala umekiita kilichosimama. Haya matokeo nayafuta, na kazi ya kukata tumpe mwingine."

"Futa ukishaona, mwanangu."

Akafungua kabati, akatoa mabaki ya bonge ambayo wengine hutupa. Njiti ilikuwa palepale juu, na chini yake nafasi tatu zilizoachwa na waya: moja imesimama, moja imelala, moja mshazari. Mhandisi akapitisha kidole kwenye kila moja.

Wakakata upya pamoja. Kipande cha mhandisi kilivunjika. Cha Mama Njiti kilitoka kizima. Namba zikarudi zilezile.

"Ningefuta, ukuta wa shimo tungeusanifu kwa kubahatisha," anakiri mhandisi, "na wazazi wamelala pale pembeni."

Siku hizi naye hutembea na kiberiti mfukoni. Mkewe ameshamuuliza ameanza lini kuvuta sigara.

Mwezi ujao, akiwa na miaka hamsini na mmoja, Mama Njiti atafanya mtihani wa cheti cha ufundi wa maabara. Bintiye humpa maswali kila jioni. "Ananihoji kama polisi," anasema.

Akifaulu, ana ombi moja kwa wakubwa: njiti iandikwe kwenye mwongozo wa maabara.

"Jina langu si lazima," anasema, akichomeka nyingine. "Waandike tu kwamba kichwa kinakaa juu."