Jina la Xavier Ndani ya Kaseti

Ulimi uliponza kichwa, wakubwa husema. Ila ulimi wa papa Léopold, mzee wetu, uliponza kichwa cha mwenzake, na hapo ndipo panapouma.

Léopold alikuwa mwimbaji wa Radi ya Kadutu, okestra iliyopiga pop na rok miaka ile vijana wa Bukavu walipofuga nywele na kuvaa suruali pana chini. Halafu ikazimika. Akawa mwalimu wa hesabu kule mtaa wa Cimpunda, gitaa chini ya kitanda. Vita ya pili ya Kongo ilipokuja, watu wakasahau hata kucheka, wazee wa Radi wakasema: kufa tutakufa tu, basi tutoe albamu moja ya kurudi. Parokia moja ikawaazima chumba na mashine ya kurekodi. Magoti yalikuwa yameisha, lakini gitaa, wee!

Mmoja tu alikosekana: Xavier, mpiga ngoma, rafiki wa Léopold tangu utoto. Alikuwa na duka Minova, kule mbali kando ya ziwa, na wanajeshi walioteka eneo letu walikuwa wamefunga barabara. Sasa, kwetu wimbo hauishi bila mwimbaji kutupa libanga, yaani kuita jina la mtu anayemheshimu pale gitaa zinapochangamka. Angemwachaje Xavier? Akafumba macho, akapaza sauti: "Xavier wa Minova, baba wa vijana wa mulimani, nani amekosa chakula kwako?" Wenzake wakashangilia.

Kweli, Xavier aliwalisha vijana wa mlimani waliopigana na wanajeshi wale. Kila mtu alijua. Lakini kujua ni kujua, na kusema ndani ya kaseti ni kitu kingine, jamani!

Kaseti ikapendwa. Ikalia soko lote la Kadutu, ikapanda mashua hadi Minova. Bulonza, mpiga besi, ndiye aliyeshtuka kwanza.

"Léopold, umemuuza Xavier."

Wakazunguka sokoni kuomba kaseti zirudishwe, wauzaji wakawacheka. Maji yakimwagika hayazoleki. Léopold akamtuma Minova mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani: Xavier afunge duka, akimbie, na wimbo ule asiupige kabisa.

Mama yule akarudi na jibu.

"Amecheka, papa. Amesema maisha yake yote anasikia majina ya wakubwa mu nyimbo. Leo jina yake iko mule, aizime? Anaupiga dukani tangu asubuhi, mupaka barabarani unasikika."

Wanajeshi nao wakausikia. Wakamwambia arudishe kaseti nyuma, jina lisikike tena. Akarudisha, akitabasamu, maskini. Wakaondoka naye, na hakuna aliyemwona tena.

Marcelline, mke wa Xavier, akakimbilia kwa dada yake Cimpunda, wakaweka matanga bila maiti. Léopold akaanguka miguuni pake mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mama. Kaseti zote nitazichoma."

"Usichome," Marcelline akamwambia. "Mwili hawakunirudishia. Kaburi sina. Muite vile ulimuita mu wimbo."

"Mama, siwezi."

"Muite, Léopold."

Léopold akafungua kinywa, jina likakataa kutoka. Marcelline akamngoja, akamngoja tena. Mwisho akaliita mwenyewe, na wamama wakapokea kwa kilio.