Unyoya wa Buluu

"Anko, ulikigusa kile kioo?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sina subira ya kungoja mtu amalize chai. Anko Naftali, kaka yake mama, aliacha kikombe mezani. Alikuwa ameshasimama tena. Tangu afike kwetu Al Twar, hapa Dubai, asubuhi ile, ni jikoni, dirishani, jikoni. Anatoa simu, anairudisha mfukoni, anaitoa.

"Keti basi, Naftali," mama akasema. "Utatoboa zulia."

Alikuwa mlinzi kwenye jumba la maonyesho kule Jumeirah Lake Towers, miezi minne tu kazini. Walikuwa wameletewa ubavu wa kihekalu kidogo cha Misri ya kale: ubao uliopachikwa vipande vya kioo, kila kimoja kimekatwa kwa umbo lake. Jicho. Mguu wa ndege. Manyoya ya bawa, mekundu na ya buluu, mengine madogo kuliko ukucha wangu! Nilikuwa nimemsumbua wiki nzima: walivikata na nini? Walivibandika na nini?

Jana yake kifuniko kiliondolewa ili ubao upigwe picha. Wapiga picha wakaenda kula, Anko akabaki peke yake kulinda. Waliporudi, unyoya mmoja wa buluu haukuwa kwenye bawa. Ulikuwa chini yake, juu ya kitambaa, umelazwa vizuri.

"Kitu kikianguka hakijilazi," madam wa jumba akasema.

Mlinzi akigusa, khalas, kazi imekwisha, anarudishwa kwao. Na kamera ilikuwa inaangalia mlango, si ubao.

"Sikukigusa," Anko aliwaambia. Msimamizi wake, Tonny, akapiga simu, sote tukasikia: "Farao! Umeshafunga mizigo?" Anko hakucheka.

Akarudi kambi ya wafanyakazi kule Muhaisnah, akaja tena, akatembea tena. Siku ya tisa mtaalamu akasema gundi ya kale ilikuwa imekauka, kipande kingeweza kuachia chenyewe. Akabaki kazini. Mama alilia huku anasukuma chapati. Mimi bado nilitaka kujua, ila mama alinikata jicho.

Miaka ikapita; mwezi uliopita Anko alimaliza mkataba wake, kwa hiari yake. Visa ilikuwa imefutwa, tiketi ya kwenda Nairobi iko mkononi. Nilimsindikiza chini kungoja teksi. Teksi ilikuwa imeshasimama aliponigeukia.

"Nilikigusa, Mirriam. Kilikuwa kinaning'inia, nikakinga mkono, kikaniangukia. Ningeweza kukiweka chini hapo hapo. Lakini nilikaa nacho mkononi mpaka kikapata joto."