Uso Ukutani Juu ya Altare

Fundi aliyetoka Mbeya kuja kupamba kanisa letu la Waorthodoksi, huku Iringa, alivunja vigae vya rangi kwa nyundo ndogo, kisha akavipachika kimoja kimoja kwenye saruji mbichi, kila kimoja akikiinamisha kidogo ili kishike mwanga wa madirisha ya kuba. Vidole vyake vilijaa makovu. Alipuliza vumbi, akatazama, akapuliza tena. Mimi mfagiaji nilizoea pumzi zake kuliko sauti yake. Wiki tatu nzima alitengeneza uso wa Mama wa Mungu ukutani, juu ya altare. Ijumaa ulipokamilika, bibi Veneranda aliingia na mkongojo wake, akautazama kwa muda mrefu.

“Mzuri,” akasema. “Ila mbona hanitazami?”

Fundi akashuka kutoka jukwaa lake la mbao, akasimama pale pale aliposimama bibi, akainua macho. Kisha akapanda tena na patasi, akaanza kuyabandua yale macho.

“Fundi! Askofu anakuja keshokutwa!” padri akapaza sauti.

“Najua, Baba. Lakini bibi kasema kweli.”

Jumapili tulisali pamoja na askofu mbele ya uso usio na macho, mapya yakiwa bado hayajakamilika. Fundi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akitazamwa na kila aliyeingia.