Jaketi la Kileleni Bwawani

Kwetu Marangu hatuna shida ya nguo za baridi. Mama anakodisha vifaa kwa wageni wanaopanda mlima, kwa hiyo chumba cha nyuma kimejaa majaketi, mabuti, glovu, na suruali zenye zipu hata mahali ambapo binadamu hana haja ya zipu. Ukikulia karibu na chumba kama hicho unajiona profesa wa hali ya hewa. Mimi nilijiona hivyo mpaka Desemba iliyopita.

Shule zilikuwa zimefungwa, na mjomba, mdogo wake mama, alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumsaidia likizo kwenye mashua yake ya tanga kule bwawa la Nyumba ya Mungu. Tulioitaka nafasi hiyo tulikuwa wawili: mimi wa kidato cha tatu, na mdogo wangu wa kike wa kidato cha kwanza. Atakayekosa angeshinda likizo nzima kihambani, kwenye shamba letu, akikata majani ya ng'ombe. Mjomba akasema twende wote Jumamosi, atuone majini, halafu achague. Akaongeza kuwa hali ya hewa ya huko haitabiriki, tuvae vizuri.

Kwenye kuvaa, nilijua nimeshashinda. Nilichukua jaketi la manyoya ya bata, lile nene la kufikia kileleni, ambalo ukilivaa unafanana na godoro lililosimama. Chini jinzi, miguuni mabuti ya mlima, kichwani pama aliyoisahau mgeni fulani. Mdogo wangu akatokea na jezi ya mpira, bukta na yeboyebo miguuni, mkononi amebeba koti jepesi la plastiki ambalo baba huvaa akipiga dawa kahawa. Kofia yake ameifunga kamba chini ya kidevu. Nilimuuliza kama anakwenda kwenye mashua au kuuza mayai ya kuchemsha. Akasema tutachelewa.

Tulitoka nyumbani kwenye ukungu na manyunyu, nikawa mfalme. Tulipopita Moshi mjini jua lilishatoka. Tulipofika bwawani lilikuwa linachoma, na mimi naiva taratibu kama ndizi chunguni. Lakini unavuaje jaketi mbele ya mtu uliyemcheka njia nzima?

Tulimwamkia mjomba shikamoo. Aliitikia huku ananikagua kuanzia pama hadi buti, kisha akatupa majaketi okozi. La mdogo wangu likafunga mara moja. Langu likagoma. Nililegeza mikanda mpaka mwisho, nikavuta tumbo, nikatoa pumzi yote. Mjomba akasema nivue hilo la ndani. Nikamwambia nina mafua. Basi akanizungushia kamba kifuani kama mzigo wa kuni, akasema sheria yake ni moja: likishafungwa halifunguliwi mpaka nchi kavu.

Saa ya kwanza nilitoka jasho la mwaka. Halafu upepo ukageuka ghafla, na pama ikaondoka bila kuaga. Wingu likashuka, mvua ikapiga, mawimbi yakaanza kuturukia. Jaketi ambalo halijawahi kushindwa na barafu lilikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Manyoya yakagandamana vipande vipande, jinzi ikaning'ang'ania mapajani, na kila buti likawa ndoo.

"Legeza kamba ya tanga," mjomba akaniambia.

Nilitaka kulegeza. Mikono ilikuwa mizito, viwiko havikunjiki. Mashua ikainama upande wangu nikayaona maji karibu kabisa na pua. Mdogo wangu akapita mbele yangu akiwa ndani ya koti lake la dawa, maji yakimteleza kama yako juu ya nailoni, akaifungua ile kamba, na mashua ikanyooka.

"Mjomba," mjomba akaniambia kwa upole kabisa, "wewe kaa hapo katikati. Utatusaidia kwa uzito."

Mvua haikumaliza hata nusu saa. Tulipotia nanga jua lilikuwa limerudi, na jezi ya mdogo wangu ilikauka mwilini kabla hajamaliza kula perege wake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nimejifunga khanga ya kuazima, nakamua jaketi. Mjomba alimwambia mdogo wangu aripoti Jumatatu asubuhi. Mimi akaniambia jaketi langu ni zuri sana.

Alipoenda kukunja tanga nilimuuliza mdogo wangu nani alimfundisha kuvaa vile.

"Nilimpigia mjomba Alhamisi, nikamuuliza yeye huwa anavaa nini."

Nikamwambia huo ni wizi wa mtihani.

"Nilitumia simu yako, kaka. Ulikuwa kwenye kioo unajipima majaketi."