Vitufe vya Usukani wa Baba

Baba alikuwa mwongo wa aina moja tu. Ukimpigia simu ukamwuliza amefika wapi, alikuwa kwa kona. Kona yenyewe ni ile ya mwisho kabla ya geti letu kule Kabazi, penye mikaratusi, na kwa miaka yote niliyokaa nyumbani sidhani aliwahi kuwa hapo aliposema yuko hapo. Alikuwa Subukia anakunywa chai. Alikuwa amesimama kando ya barabara akibishana siasa na mwenye duka la dawa za mifugo. Mama naye, maskini, alikuwa anaamini. Alijifuta mikono, akaenda kufungua geti, akasimama hapo mpaka ng'ombe wa jirani wakaingia kwa shamba lake la sukuma wiki, ndipo akaanza kugombana na hewa.

Gari lilikuwa station wagon nyeupe, kuukuu tangu siku liliponunuliwa. Baba alibeba humo maziwa ya majirani akiyapeleka Subukia, na ile harufu ya maziwa yaliyomwagika jana na juzi haikuwahi kutoka kwa viti. Hata leo nikipita karibu na mtungi wa maziwa uliosahaulika juani, nakumbuka nikiwa mdogo kiti cha nyuma, magoti yamebanwa na mitungi, baba akiongeza sauti ya redio wakati wa matangazo ya vifo na kutuambia tunyamaze tusikie nani ametuacha. Usukani wake ulikuwa mtupu: honi katikati, basi. Upande wa kulia, pale kidole gumba chake kilipolala, plastiki ilikuwa imelika ikang'aa.

Halafu akapata kiharusi. Kilikuwa kidogo, tunashukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito, wa kushikilia tu. Gari lilikuwa otomatiki, daktari akasema akipata nguvu anaweza kuendesha polepole, na akaendesha. Shida ilikuwa simu. Mama ni mtu wa kupiga simu. Hapigi mara moja akangoja. Anapiga mpaka ushike. Siku moja baba akiwa anateremka na maziwa, simu ikalia, ikalia, akaachilia usukani kwa mkono ule mzima aitoe mfukoni. Gari likaingia mtaroni. Yeye hakuumia, lakini maziwa yalitiririka barabarani na mbwa wa eneo lote wakala Krismasi.

Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Nairobi Jumamosi hiyo hiyo. Hakungoja hata chai imiminwe.

"Gari liuzwe," akasema. "Siku nyingine hatutaokota maziwa, tutamwokota yeye."

Baba aliangalia dirishani, kule gari lilikokuwa limeegeshwa, taa moja imepasuka.

"Ukiuza hilo gari," akasema, "uniuze pamoja nalo."

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angekasirika. Nilimjua baba yangu; bila ile barabara ya kwenda Subukia angekaa kwa hicho kiti akiangalia ukuta mpaka aishe. Nikasema mnipe likizo hii ya Agosti, nitaweka vitufe kwa usukani, awe anajibu simu kwa kidole gumba bila kuachilia chochote.

"Wewe?" kaka akaniuliza. "Si kazi yako ni kuosha chupa za maabara?"

Haki ya nani, nilichemka! Ni kweli mimi ni mhudumu wa maabara katika shule moja hapa Nakuru, na ni kweli chupa naosha. Lakini pia nashika mita ya umeme na chuma cha kuchomelea, na siku hiyo ningeweza kumchomelea mdomo. Akaona uso wangu, akasema haya, likizo hii, lakini mwisho wake tunaenda naye barabarani, na yeye atakuwa ndani.

Nilienda kwa wale wanaouza spea za magari yaliyovunjwa huku Nakuru, nikachimba mpaka nikapata usukani wa toleo la baadaye la gari lile lile, wenye vitufe pande zote mbili. Nikatafuta redio ya mitumba inayoungana na simu bila waya. Kazi niliifanyia uani, kwa mwanga wa mchana, baba ameketi kwa stuli akinipa ushauri ambao sikuuomba.

"Umetoa waya ya betri?"

"Nimetoa, baba."

"Toa tena."

Alikuwa anaogopa ule mfuko wa hewa ulio katikati ya usukani usinilipukie usoni. Mimi nilichoogopa ni utepe wa nyaya ulio nyuma yake, umejikunja ndani ya kasha la plastiki ili umeme upite huku usukani ukizunguka. Ukiuweka bila kuuanzisha katikati, siku utakapokata kona kali unakatika, na kila kitu kinakufa, honi ikiwemo. Nikauzungusha taratibu kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, nikaurudisha katikati kama mtu anayemlaza mtoto.

Sehemu iliyomfurahisha baba ni pale nilipomweleza kwamba vitufe vyote vinatumia waya mmoja. Kila kitufe kinauzuia umeme kwa kiasi chake, na redio inapima tu imebaki kiasi gani, inajua umebonyeza kipi. Lakini lazima kwanza uifundishe. Nikambonyezesha yeye mwenyewe: hiki cha sauti, hiki cha stesheni, hiki cha simu. Cha simu nilikiweka kulia, pale pale kidole chake kilipozoea kulala.

"Kwa hivyo inanijua kidole," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ule mtaro.

Kinasa sauti kidogo cha simu, kile kinachobeba maneno yake hadi kwa anayempigia, nilikibandika juu ya dashibodi mbele yake, nikafunga kazi, nikaoga nikiimba.

Asubuhi ya mtihani kaka aliketi mbele, mimi nyuma. Mama aliachwa nyumbani na maagizo: piga simu. Kana kwamba kuna siku amewahi kuhitaji kuagizwa! Tulikuwa tumefika sokoni Subukia simu ilipolia. Redio ikanyamaza yenyewe, mlio ukajaa gari zima. Baba hakutikisika. Gumba lake likabonyeza.

"Hallo! Niko kwa kona!"

"Hallo?" sauti ya mama ikatoka kwa spika. "Hallo? Mzee?"

"Niko kwa kona!"

"Mbona huongei? Woi! Ameanguka tena! Jamani, ameanguka!" Tukasikia akiita majirani, mbwa wakibweka, ndoo ikipinduka.

Kaka alitikisa kichwa polepole. "Umeona? Afadhali hata ile ya zamani. Gari liuzwe." Baba akaegesha kando. Nilimwona kwenye kioo. Aliyalaza yale magumba yake juu ya usukani kama mtu aliyenyang'anywa kitu kanisani. Nilipima kila waya mwenyewe. Nilijaribu yote jana!

Ndipo nikaona kitambaa.

Lazima nieleze kuhusu mama na vitambaa. Nyumba yetu haina kitu kilicho uchi. Viti, meza, televisheni, friji, hata chupa ya chai, vyote vimefunikwa vitambaa alivyofuma kwa mkono, vyeupe vyenye maua kando. Kitu kipya kikiingia, kitambaa chake kinafuata, ndivyo anavyokikaribisha. Na redio mpya ya baba ilikuwa imekaribishwa: kitambaa kizito, cha uzi mara mbili, kimetandazwa juu ya dashibodi nzima, na kinasa sauti changu kimelala chini yake kama mgonjwa wa malaria.

Nikajirusha katikati ya viti, nikakivuta.

"Niko kwa kona, mama watoto!" baba akasema.

Tukasikia mama akiwanyamazisha majirani. Halafu:

"Kona gani? Nasikia mtu akiita bei ya vitunguu! Uko sokoni! Wewe mzee, miaka hii yote, kumbe nasimama kwa geti na wewe uko sokoni?"

Kaka alicheka mpaka akafungua mlango apate hewa. Baba naye alicheka bila sauti, mabega tu. Suala la kuuza gari halikurudi tena, na mama alifuma kitambaa kingine chenye tundu.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na ninaitamani. Nilikuwa nikipiga simu kutoka Nakuru namsikia baba ndani ya gari lake, injini ikinguruma nyuma ya maneno yake. Aliendelea kusema yuko kwa kona. Mama aliendelea kumsomea sauti anazosikia nyuma yake, na wote wawili walikuwa wanapenda ugomvi huo kuliko walivyokubali.

Halafu ikaja likizo moja, nikiwa nyumbani, tunatoa maganda minji, zile njegere za kijani, na mama saa sita mchana. Akampigia, simu juu ya meza, sauti wazi.

"Umefika wapi?"

Tulisikia baba akipunguza mwendo.

"Sijui," akasema.

Mama akacheka. Akangoja. Kicheko kikaisha.

"Mama watoto, sijui hapa ni wapi."

Niliruka nikashike pikipiki nimfuate. Mama akaninyooshea kiganja nikae. Sauti yake ilikuwa ile ya kuuliza kama kuna chumvi.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Unaona nini?"

"Mibuni. Na mtu anauza viazi."

"Kwa ndoo ama kwa gunia?"

"Ndoo. Nyekundu."

"Huyo namjua. Umepita. Geuza pole pole, urudi mpaka uone tangi ya shule, uniambie."

Mama hajawahi kushika usukani maishani mwake. Alimleta hivyo, kitu kimoja baada ya kingine, barabara ambayo baba alikuwa ameipita karibu kila siku tangu kabla sijazaliwa, mkono wake ukiendelea kutoa minji na kuidondosha chini nje ya sahani. Mwishowe baba akasema, "Niko kwa kona," na tukasikia injini kwa masikio yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kuwa kweli.

Aliegesha, akazima, akanipa funguo mwenyewe. Hakuna aliyemwambia.

Kazi yangu ya mwisho kwa gari hilo niliifanya wiki hiyo. Nilitoa waya wa stata, lisiweze kuwaka. Nikaweka sola ndogo juu ya paa kulisha betri, redio isife. Funguo nikazirudisha mahali pake.

Sasa nikienda Kabazi namkuta ameketi humo garini, uani, kitambaa chenye tundu mbele yake, mikono yote miwili juu ya usukani, anasikiliza matangazo. Chakula kikiwa tayari mama anachukua simu jikoni, anampigia. Gumba linabonyeza.

"Umefika wapi?"

"Niko kwa kona."

Na mama, ambaye anamwona waziwazi kupitia dirisha, anajifuta mikono, anaenda kufungua geti.