Betri Iliyoanikwa

Kuna swali moja ambalo nimelijibu mpaka sauti imenikauka: "Hii yako inaweza kuwasha TV?" Aliyeniuliza mara ya mwisho ni mwendesha boda boda wa Magwagwa aliyenibeba na boksi langu la betri mapajani. Nilimwambia inaweza, lakini haikutengenezwa kwa TV, ni ya ndege. Akageuza shingo kuniangalia huku pikipiki inakimbia.

"Ndege ya kuruka?"

Nilimwambia aangalie barabara.

Ndege zenyewe ni zile ndogo za povu gumu na mbao nyepesi, zinazorushwa kwa rimoti na watu wazima wenye kazi zao na familia zao. Wanaozirusha wako Nairobi, Eldoret na kwingineko, na mimi ndiye ninayewatengenezea betri hapa nyumbani, huku upande wa Ekerenyo, katikati ya majani chai na migomba. Kila ndege ina tumbo lake na uzito wake, kwa hiyo kila betri inatengenezwa peke yake. Nachagua seli zinazofanana nguvu, nazipanga, naziunganisha kwa vipande vya nikeli, halafu nazifunga ndani ya ganda la plastiki linalokaza likipata joto. Wateja wangu huniandikia kwamba wanataka betri nyepesi, yenye nguvu nyingi, na inayokaa hewani muda mrefu. Ni sawa na kuagiza ng'ombe asiyekula, anayetoa maziwa ndoo nzima na kutoshea mlangoni mwa banda la kuku. Najibu kwa adabu. Nikishamaliza kujibu natoka nje nizunguke boma kidogo, damu ishuke.

Lakini wateja si kitu. Aliyenimaliza kabisa ni baba yangu.

Baba ni mzee wa kanisa la Sabato, mkulima wa chai, mtu wa maneno machache na yote ameshayapima. Nyumba yake iko juu ya yangu, katikati yetu kuna kiwanja cha nyasi na mstari wa migomba. Tangu nioe, hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu, na asingekanyaga hata ningemwita kwa tarumbeta. Kwetu Gusii baba haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Tunaiita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, ya mzazi kutoona mahali mwanawe anapolala na mkewe. Baba akinihitaji husimama nyasini na kukohoa. Mke wangu akitaka kumpa chai, kikombe kinatoka nje kwenda kwake. Sina ugomvi na hilo. Nimelelewa nalo.

Ugomvi wangu ulikuwa kwamba meza yangu iko ndani. Hapo ndipo kuna stima, hapo ndipo pakavu. Nilijaribu kufanyia kazi barazani, mvua ya alasiri ikanifuata mpaka kwenye mita ya kupimia seli, na kuku akapita juu ya seli nilizokuwa nimeshazipanga, akaacha alichoacha. Basi kazi ikarudi ndani, na baba hakuiona. Alichoona yeye ni mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, anatoka nyumbani amekumbatia ndege ya kuchezea na kuelekea uwanja wa shule. Kwa hiyo kila aliyemuuliza habari zangu, kanisani au kituo cha kuuzia majani, alimjibu kwa sauti ya huruma: "Bado anatafuta kazi."

Bado anatafuta kazi! Nilikuwa nimeinamia meza ile mpaka mgongo ukapinda. Nilichotaka kutoka kwa mzee yule ni neno moja tu, aseme mbele za watu kwamba mwanawe anafanya kazi. Sikutaka sifa. Neno moja.

Siku moja nilimpelekea betri iliyokamilika, nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nikamwekea kiganjani. Akaigeuza. Akainusa. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, ingawa sisi wawili hatujawahi kuongea Kiswahili.

"Umeifunga kwa plastiki," alisema.

"Ndiyo, Tata. Kazi iko ndani."

"Mm." Akanirudishia. "Ni vizuri kuwa na kitu cha kupitishia wakati ukiwa unatafuta."

Niliondoka pale bila kuaga, jambo ambalo si la heshima, na sikujali.

Na seli zenyewe hazinihurumii. Kisii mjini kuna mama mmoja kutoka upande wa ziwani anayeuza vitu vya umeme, na nikifika dukani kwake huwa ananiona na kushusha pumzi. Seli zake nyingine zimeandikwa nguvu ambayo hakuna seli duniani yenye nguvu hiyo, na ukinyanyua moja ni nyepesi kama kalamu. Mimi hutoa mizani yangu ndogo ya jikoni mfukoni, naiweka juu ya kaunta, napima moja moja.

"Omera, ndugu yangu, wewe ni mteja ama ni daktari?" aliniuliza siku moja. "Wenzako wananunua wanaenda."

"Wenzangu hawarushi kitu hewani, mama."

"Na hiyo ndege ikianguka, nani anakufa?"

Nilinunua zile zenye uzito wa kweli, na moja ikanidanganya hata hivyo. Iliingia katika betri niliyokuwa nikimtengenezea mteja wa Eldoret, na siku ya majaribio, ndege ikiwa juu ya bonde, seli ile ikashuka nguvu ghafla kuliko wenzake. Mota ikanyamaza. Ndege ikainama, ikateremka mbele ya macho yangu mpaka kwenye chai ya jirani. Juu ya kilima, mikono nyuma, alikuwa amesimama nani kama si baba.

"Imechoka," alisema nilipopita na mabaki.

Betri yenye seli mbovu haiachwi na moto wake ndani. Lazima uinyonye polepole kabla ya kuifungua, na kwa sababu hiyo niliiweka ukingoni mwa baraza, kwa nje, mbali na vitu vyote, nikaiunganisha na balbu ya taa ya pikipiki iwake mpaka ife. Mke wangu nilimweleza asiiguse. Kuku niliwafukuza. Kisha nikaenda zangu Kisii kutafuta nikeli.

Sasa mjue jambo moja kuhusu baba. Hawezi kupita mahali taa inawaka mchana. Ni mtu aliyesomesha watoto kwa mwanga wa kibatari, na kila tone la mafuta alilijua lilikotoka. Alipoona balbu inawaka barazani kwangu, jua likiwa kali, na mwenyewe sipo, roho ilimuuma. Akaichomoa. Halafu akaitazama betri ile, akakumbuka ndege iliyoanguka, na wema ukamshika.

Sisi sote tuliokulia kwenye boma zenye redio tunajua betri iliyochoka inafanywa nini. Inaanikwa juani juu ya mabati, ipate joto, irudishe nguvu kidogo, msikilize taarifa ya habari. Ikiwa bado ni bubu, unaigonga na jiwe, au unaiuma kwa meno. Mimi mwenyewe nimeziuma nikiwa mdogo. Kwa betri za redio jambo hilo husaidia, au tulikubaliana sote kwamba linasaidia. Baba akafanya alichokijua. Akaianika betri yangu ya lithiamu juu ya mabati ya banda la kuku, akarudi baadaye akaigeuza upande wa pili kama mahindi, na ilipopata joto la kutosha akaigonga kwa jiwe, kwa uangalifu, pande zote. Kisha akasimama nyasini, akakohoa.

Mke wangu akatoka. Baba akaiweka chini na kurudi nyuma, kama inavyotakiwa, ndipo mke wangu akaiokota.

"Mwambie imepata nguvu," alisema baba. "Isinyeshewe."

Mke wangu angesema nini? Nilimwambia asiiguse, lakini mkwewe ameileta kwa mkono wake na kuagiza isinyeshewe. Akaiingiza ndani, akaiweka mezani pangu, kando ya zile za wateja, akachukua kikapu na kwenda kuchuma chai. Mpaka leo nikilifikiria hilo nashika kichwa. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa na adabu zake zote. Na adabu hizo zote zikanipakia bomu ndani ya nyumba.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mke wangu, kwa kunong'onezwa. Akiwa katikati ya chai aliona moshi mweupe unatoka dirishani kwetu, akatupa kikapu na kukimbia. Alipofika kwenye migomba alimwona baba amesimama mbele ya mlango wetu. Amekohoa. Amekohoa tena, kwa nguvu, kama vile moshi ungetoka kumsikiliza. Ameita jina langu, kisha ameita mama watoto, kisha ameita mtu yeyote. Halafu akavua kofia, akaiweka juu ya nyasi, akaingia.

Mke wangu hakusogea. Kama angetokea wakati ule, baba angejua ameonekana, na baba akijua ameonekana na mkaza mwanawe akiwa ndani ya nyumba ile, wangeangalianaje tena? Kwa hiyo alijikunja nyuma ya mgomba, nyumba yetu inafuka moshi, akingoja. Baba akatoka kinyumenyume, anakohoa kwa kweli sasa, ameikumbatia betri ndani ya koti lake. Akaitupa nyasini pamoja na koti. Ikalipuka kwa mlio wa mafuta ya kukaangia, mwali mmoja, halafu mwingine, koti likaliwa. Alisimama akiliangalia. Kisha akaokota kofia na kupanda kwake.

Nilifika nikakuta duara jeusi kwenye nyasi na vifungo vya koti. Ndani, meza yangu ilikuwa na alama ya moto pembeni, na zile betri nyingine zilikuwa zimesogezwa kwa mpangilio hadi ukutani, mbali, hakuna hata moja iliyoanguka. Mtu aliyeingia kuokoa nyumba alikuwa amesimama katika moshi ule akazisogeza moja moja. Niliketi juu ya kitanda nyuma ya meza, nikazihesabu.

Nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, na ngozi ya vidole imevimba. Nikaufungua, nikausafisha, nikapaka dawa. Mimi nilikuwa na maneno mengi mno mdomoni, ya shukrani na ya ukali, yanasukumana. Nilitaka kumwambia betri hizi hazianikwi, Tata, hazigongwi na jiwe! Badala yake nikauliza jambo lililokuwa linanichoma zaidi.

"Tata, uliiona meza?"

Akatazama bondeni.

"Meza gani?"

"Meza yangu. Kazi yangu. Ulikuwa pale."

"Betri ilikuwa nje," alisema. "Niliikuta kwenye nyasi."

Nilitaka kulia kwa hasira. Miaka yote hiyo natamani mzee huyu aone ninachofanya, hatimaye ameona, ameshika kwa mikono yake mpaka ikaungua, na sasa haiwezekani akiri kwamba aliona, kwa sababu kuona meza ni kuona kitanda kilicho nyuma yake. Na mimi, nikiwa mwana mwenye heshima, haikuwezekana nimwulize tena. Nilifunga kitambaa nikaondoka.

Siku ya kuuza majani tulikwenda kituoni pamoja, mimi nimebeba kikapu chake juu ya changu, maana mkono wake ulikuwa bado mbichi. Foleni ilikuwa ndefu. Karani wa mizani, kijana mwenye mdomo usiotulia, alimwona.

"Mzee, mkono umefanya nini?"

Niliinamisha kichwa. Nilijua litakuja lile la nyasini, au la jiko.

"Nilichomeka kazini," alisema baba.

"Kazini wapi, mzee?"

"Kazini kwa kijana wangu."

Karani akanitazama, kisha akamtazama tena. "Kumbe alipata kazi? Lini?"

Baba alinyoosha mkono wake mzima, akakishusha kikapu chake kutoka begani mwangu, akakitundika kwenye mizani.

"Alikuwa nayo," alisema. "Pima majani."