Uzi wa buluu wa Félicien

Msitaje jina langu, tafadhali. Nina miaka themanini na minane, wajukuu wangu wanafuata ukurasa huu, na aibu nitakayoieleza hawaijui. Rafiki yangu pia nimembadilisha jina: nitamwita Félicien.

Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Élisabethville, sisi wawili tulijifunza kushona kwa fundi mmoja, Mwislamu mwenye asili ya Maniema. Ninyi vijana, niwaeleze desturi yake. Koti ambalo mteja hajalijaribu lilishikizwa ukosi na kingo kwa uzi mrefu, ambao huchomolewa baadaye. Kila mwanafunzi alipewa rangi yake, ili fundi ajue kazi mbovu ni ya nani. Wangu ulikuwa mwekundu; wa Félicien, buluu.

Jumapili ilikuwa siku ya kuonekana: suruali pana, viatu vya rangi mbili, njia ya wembe kichwani, nywele zinang'aa mafuta. Mimi sikuwa na koti. Jumamosi moja nikachukua la mteja, la kijivu, lenye mabega mapana, kazi ya Félicien. Nikachomoa uzi wake, na kesho yake nikaenda nalo kwenye dansi.

"Muone uyu!" wasichana walipiga kelele. "Kalani ya wapi?" Yaani karani wa ofisi gani.

"Muache, anaogopa hata kukunja mukono!"

Walinicheka, lakini walinitazama. Nilijiona mtu.

Jumatatu niliwahi kazini kabla ya wote, nikarudisha uzi wa buluu palepale ulipokuwa. Naapa sikutaka kumtega mwenzangu. Nilitaka tu isijulikane.

Fundi aligeuza ukosi, akaona doa la mafuta ya nywele. Doa chafu, na uzi uliopita juu yake safi kabisa.

"Uyu uzi ni ya nani?"

"Ni yangu, fundi," Félicien akajibu.

"Basi ulivala, kisha ukashona tena."

"Haiko miye, fundi! Yaya, umuambie!"

Aliniita yaya, yaani kaka, kwa kuwa nilimzidi mwaka mmoja. Nilikuwa natia makaa kwenye pasi. Nikaendelea kutia makaa.

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Habari ilienea, na hakuna fundi mwingine aliyempokea. Mikono ile, iliyoshona matundu ya vifungo vizuri kuliko yangu, ilibeba magunia stesheni hadi uzeeni. Mimi nikawa fundi wa kuheshimiwa.

Sasa mjukuu wangu anamuoa mjukuu wake. Juzi familia zilikutana nyumbani kwa Félicien, mtaa wa Hewa Bora, naye akasimulia kisa hicho huku akicheka. Kisha akanigeukia.

"Yaya, mpaka leo najiuliza, ni nani njo alivala ile koti?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Ni zamani sana, ndugu yangu. Nimesahau."

Akanishika mkono. "Basi koti ya bwana arusi tushone siye wawili. Weye utakata, miye nitashikiza."

Uzi ameshanunua. Wa buluu. Jumatatu anakuja kwangu tuanze.

Nikimwambia, huenda nikavunja ndoa ya watoto wasio na kosa. Nikinyamaza, nitakaa mbele yake nikimtazama akipitisha uzi ule kwenye ukosi, akiniita yaya. Nishaurini, watoto wangu, kabla ya Jumatatu: nifanye nini?